Kujenga mtandao wa rada za upepo: kuanzia swali la mtabiri hadi data ndani ya modeli

Katika vituo vingi duniani, maputo ya hali ya hewa hurushwa mara mbili kwa siku, saa 00 na saa 12 UTC. Kati ya puto moja na jingine upepo wa juu unaweza kugeuka, kushika kasi, kusomba unyevu kutoka baharini na kuzaa mvua ya radi, na mtabiri asiwe na kipimo hata kimoja mkononi. Rada ya upepo huziba pengo hilo. Haizunguki kama rada ya mvua. Hutazama juu, na kila baada ya dakika 10 hadi 60 hutoa kasi na mwelekeo wa upepo wa kila tabaka lililo juu yake, usiku na mchana.

Mwongozo huu ni wa wanaopanga mtandao wa rada hizo: maofisa wa idara za hali ya hewa, watu wa vyuo, na wahandisi watakaokabidhiwa vituo. Kishawishi cha kwanza huwa ni kutangaza zabuni ya rada, kisha kutafuta wa kuitumia data. Mimi nasema anzeni upande wa pili. Mtandao hupimwa kwa vipimo ambavyo modeli ya utabiri (programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo) imevipokea na kuvitumia, na hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea huko.

Hatua ya 1: Andikeni swali la utabiri kabla ya bei

Kaeni na watabiri wa zamu, muwaulize ni utabiri upi unaowaponyoka. Majibu yatatofautiana sana. Wengine watasema mvua ya radi ya jioni inayoibuka pale upepo wa bahari unapokutana na wa bara. Wengine watataja ule mkondo wa upepo wa kasi unaojitokeza usiku katika kilomita ya kwanza kutoka ardhini na kubeba unyevu mamia ya kilomita. Watu wa usafiri wa anga watataka kujua mabadiliko ya ghafla ya upepo karibu na njia za kurukia.

Mitandao iliyofanikiwa ilijengwa hivyo. Marekani iliweka vituo vyake 30 hivi vya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, vingi katikati ya nchi, penye dhoruba kali na mkondo wa usiku wa nyanda za kati. Japani ilianza kuendesha mtandao wake, WINDAS, mwaka 2001, ikilenga hewa yenye unyevu inayoingia kutoka baharini na kuleta mvua kubwa. Leo una vituo zaidi ya 30, na wastani wa umbali kati ya kimoja na kingine ni kama kilomita 130.

Swali likishaandikwa, hesabu ya mahali huja yenyewe. Upepo wa mita 15 kwa sekunde husafiri kilomita 54 kwa saa. Ukitaka kuufaidi kwa utabiri wa saa sita zijazo, kituo kinapaswa kuwa kilomita 324 upande unakotoka upepo. Kituo kilichojengwa katikati ya mji mkuu kwa sababu ofisi ziko hapo huwaeleza watabiri kile kilichokwisha kuwafikia.

Wanaopanga mtandao karibu na ikweta wana hoja ya ziada, na waipeleke hazina. Katika latitudo za juu, nguvu ya Coriolis, itokanayo na mzunguko wa dunia, huufunga upepo na msukumo wa hewa pamoja, kwa hiyo modeli inaweza kukisia upepo kutokana na joto linalopimwa na satelaiti. Karibu na ikweta nguvu hiyo inafifia na uhusiano huo unavunjika. Huko upepo lazima upimwe wenyewe.

Hatua ya 2: Hesabuni mlichonacho tayari

Hatua hii ni fupi lakini huokoa fedha nyingi. Ndege za abiria hutuma vipimo vya upepo zinapopaa na kutua, hivyo viwanja vikubwa vinaweza kuwa vimeshahudumiwa. Rada za mvua zenye Doppler (zinazopima kasi ya kile kinachorudisha mwangwi) nazo hutoa upepo wa kila kimo juu ya kituo kila kunapokuwa na mvua au wadudu hewani, kwa programu tu, bila chuma kipya. Ulaya, kupitia mpango wa E-PROFILE wa EUMETNET, umoja wa idara za hali ya hewa za Ulaya, hukusanya data za rada za upepo na za rada za mvua katika mfumo mmoja. Chora ramani ya vyote hivyo pamoja na vituo vya maputo, kisha tazama mashimo yako wapi.

Hatua ya 3: Chagueni masafa kulingana na kimo

Hapa ndipo fizikia inapoamua. Rada ya upepo haihitaji mvua wala mawingu. Husikia mwangwi hafifu unaotokana na msukosuko wa hewa, pale joto na unyevu vinapobadilika ndani ya umbali mdogo. Inasikia zaidi ile misukosuko yenye ukubwa wa nusu ya urefu wa wimbi lake. Kwa masafa ya megahezi 50 wimbi lina mita 6, basi msukosuko unaotafutwa ni wa mita 3. Kwa megahezi 1,300 wimbi ni sentimita 23, na msukosuko ni wa sentimita 11 na nusu. Misukosuko midogo namna hiyo hufa haraka kadiri unavyopanda juu kwenye hewa nyepesi na kavu, na ndiyo sababu rada ndogo haifiki mbali hata ukiongeza nguvu.

Kwa vitendo kuna familia tatu. Rada za karibu megahezi 50 hufika kilomita 16 na zaidi, lakini hazioni vizuri kilomita moja au mbili za chini, na antena zake hula maelfu ya mita za mraba. Familia ya megahezi 400 hadi 500 huanza karibu nusu kilomita na kupita sehemu kubwa ya troposfia, tabaka la chini la angahewa. Ujerumani imechagua megahezi 482 kwa vituo vyake, kikiwemo cha Lindenberg. Familia ya megahezi 1,300 ina antena ya mita chache kila upande, huanza mita mia moja au mia kadhaa kutoka ardhini, na kwa kawaida huishia kilomita 3 hadi 6. Kimo hicho hupanda na kushuka kwa msimu: vituo vya Japani hufika kilomita 6 au 7 wakati wa joto wenye unyevu, na kilomita 3 au 4 wakati wa baridi kavu. Msikubali mkataba unaotaja kimo cha juu kabisa peke yake. Dai kimo kinachofikiwa katika asilimia 80 ya muda, kwa msimu mkavu.

(Rada iliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana haikujengwa kwa ajili ya hali ya hewa. Ilikuwa ya Jicamarca, Peru, ya kuchunguza ionosfia, tabaka la juu sana lenye chembe za umeme, na mwaka 1974 Ronald Woodman na Alberto Guillén wakaonyesha kwamba inapima pia upepo wa stratosfia, tabaka lililo juu ya troposfia, na wa juu zaidi.)

Maoni yangu: kama swali lenu ni mvua ya radi na upepo wa pwani, chukueni rada ndogo na muweke vituo vingi. Rada kubwa ya megahezi 50 ni nzuri mno kwa utafiti, na moja au mbili zinatosha kuwa nguzo za mtandao, ila ukizitandaza nchi nzima zitameza bajeti ya matengenezo ya vyote vilivyobaki.

Hatua ya 4: Pateni kibali cha masafa mapema kuliko mnavyodhani

Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 1997 ulitaja bendi zinazopendekezwa kwa rada za upepo: 46–68, 440–450, 470–494, 1,270–1,295 na 1,300–1,375 MHz, na 904–928 kwa bara la Amerika tu. Msianze mazungumzo na mtengenezaji kabla ya mamlaka yenu ya mawasiliano kusema ni ipi kati ya hizo iliyo wazi. Karibu na megahezi 1,300 mtawakuta watu wa rada za viwanja vya ndege na satelaiti za urambazaji, zikiwemo za Galileo, mfumo wa Ulaya.

Gharama ya kupuuza hatua hii inajulikana. Mtandao wa kwanza wa Marekani ulitumia takriban megahezi 404, jirani kabisa na 406 inayotumiwa na vifaa vya kuomba msaada vya mfumo wa COSPAS-SARSAT. Rada zilikuwa zikizimwa kila satelaiti ya uokoaji ilipopita juu. Kuhamishia mtandao mzima kwenye megahezi 449 kulidai fedha nyingi, na mwaka 2014 sehemu kubwa yake ikafungwa.

Hatua ya 5: Tembeleeni eneo na msimame pale

Ramani ya satelaiti haitoshi. Mwale mkuu unatazama juu, lakini sehemu ndogo ya nguvu huvuja pembeni na kurudi kutoka kwa chochote kilicho chini: miti inayopepea, nyaya za umeme, magari barabarani. Kwa kuwa mwangwi wa hewa ni dhaifu mno, hata uvujaji huo unaweza kuufunika. Mlima uliotulia hausumbui sana, maana mwangwi wake una kasi sifuri na hutambulika. Mti unaoyumba ni mbaya zaidi, kwa sababu nao una kasi, na kasi hiyo inafanana na ya upepo. Mbaya kuliko vyote ni mitambo ya upepo ya kufua umeme, yenye mapanga yanayokata hewa kwa kasi kubwa. Ulizeni mamlaka ya mipango kama kuna shamba la mitambo hiyo linalokuja jirani.

Bonde dogo lililozungukwa na vilima vifupi mara nyingi ni bora kuliko kilele chenye mandhari ya kupendeza, kwani vilima hukinga uvujaji. Kwa rada ndogo, uzio wa chuma ulioundwa maalumu kuzunguka antena hufanya kazi hiyo hiyo. Nendeni na kipokezi mkapime kelele za redio kwa siku kadhaa, usiku pia. Angalieni umeme, njia ya intaneti, mafuriko, na kama gari la mafundi linaingia wakati wa mvua.

Katika kituo kimoja angalau, jengeni karibu na mahali maputo yanaporushwa. Mtahitaji shahidi.

Hatua ya 6: Wekeni antena na muielewe hesabu yake

Rada nyingi hupeleka miale mitano kwa zamu: mmoja wima na minne iliyoinama nyuzi 10 hadi 16 kuelekea pande nne. Kila mwale hupima tu kasi ya hewa inayosogea mbali na rada au kuijia, kwa kufuata mstari wa mwale huo. Chukua mwale wa mashariki ulioinama nyuzi 15 ukisoma mita 2.4 kwa sekunde za kwenda mbali, na mwale wa wima ukisoma hewa inashuka kwa mita 0.2. Zidisha ile 0.2 kwa kosaini ya 15 (0.966), ongeza kwenye 2.4, upate 2.593, gawanya kwa saini ya 15 (0.259). Upepo wa kwenda mashariki ni mita 10 kwa sekunde. Ukiupuuza mwale wa wima utapata 9.3. Kwa maneno mengine, kosa dogo kwenye mwale hukuzwa karibu mara nne kwenye jibu.

Hesabu hii inadhani kwamba upepo ni uleule katika miale yote. Kwenye kimo cha kilomita 5, mwale wa mashariki na wa magharibi umeachana kilomita 2.7. Siku tulivu si neno. Ndani ya wingu la radi, ambapo upande mmoja hewa inapanda na mwingine inashuka, dhana hiyo haina miguu, na programu inapaswa kulinganisha miale inayotazamana na kukataa jibu isipokubaliana.

Wakati wa ufungaji simamieni mambo matatu ninyi wenyewe. Antena ielekezwe kwa kaskazini halisi, maana ya dira ya sumaku ina mkengeuko wake. Kimo cha kituo kutoka usawa wa bahari kipimwe na kiandikwe. Na saa ya kompyuta ifuate UTC, pamoja na maandishi yanayosema kama muda uliowekwa kwenye data ni mwanzo au mwisho wa kipindi cha wastani.

Hatua ya 7: Safisheni data, na muwaogope ndege wanaohama

Adui wa kweli wa rada za megahezi 400 hadi 1,300 ni ndege wa mabawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watumiaji wa mtandao wa Marekani waligundua kwamba usiku wa misimu ya uhamaji rada zilikuwa zikiripoti upepo wa kasi usiokuwepo. Ndege hurudisha mwangwi mkubwa kuliko hewa, naye huruka kwa mita 10 au 15 kwa sekunde juu ya upepo wenyewe.

Kinachofanya kosa hili liwe la hatari ni kwamba linaonekana safi. Njia ya zamani ya kusafisha huchukua vipimo vya saa nzima, hutafuta kundi kubwa linalokubaliana, na kutupa vilivyobaki. Ndege wakiwa wachache hutupwa. Wakijaa angani, wao ndio wengi, na kinachotupwa ni upepo. Mchoro wako utaonyesha mishale mizuri iliyojipanga yote upande mmoja.

Jifunzeni kulitambua. Tazameni mchoro wa saa 24: upepo wa ghafla unaoanza muda mfupi baada ya jua kuzama, unaishia kilomita mbili au tatu juu, unaelekea upande wa uhamaji wa msimu huo, na unapotea alfajiri. Fungueni spektra (michoro ya nguvu ya mwangwi kwa kila kasi) za usiku huo. Za hewa ni nyembamba na laini, za ndege ni pana na zenye miiba. Dawa bora ni kuchuja mapema, kwenye ishara ghafi kabla ya wastani wowote, kwa mbinu kama zilizoendelezwa Lindenberg. Kwa hiyo, katika zabuni, daini haki ya kupata na kuhifadhi spektra na ishara ghafi. Mtengenezaji anayewapa upepo uliokamilika tu amewafunga macho.

Mvua ni mgeni anayevumilika. Kwa megahezi 1,300 rada huona matone kuliko hewa, lakini matone hubebwa na upepo, kwa hiyo upepo wa mlalo hubaki sahihi mradi kasi ya kuanguka itolewe na mvua iwe imetanda. Msipeleke tu kasi ya matone kwa jina la kasi ya wima ya hewa.

Hatua ya 8: Tumeni data ambazo mashine inazisoma

Picha ya rangi kwenye tovuti humfaa mtabiri wa zamu. Modeli inataka faili la BUFR, muundo wa kimataifa wa data za hali ya hewa, lenye alama za ubora, lililofika kabla dirisha la kupokea data halijafungwa. Sajilini kila kituo katika OSCAR/Surface, orodha ya vituo ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, mpate kitambulisho chake cha WIGOS (mfumo wa shirika hilo wa vituo vya kupima), kisha mtume kupitia WIS 2.0, mfumo wake wa kubadilishana data. Kituo kisichosajiliwa hakipo, kwa upande wa modeli za nje.

Hatua ya 9: Iacheni modeli iwakosoe

Kwa miezi ya kwanza data zipokewe bila kutumiwa, na kila siku ichukuliwe tofauti kati ya kipimo na makadirio ya awali ya modeli. Hiki ndicho chombo bora cha ukaguzi mtakachokuwa nacho, na hakihitaji safari.

Tofauti hizo husomeka. Mwelekeo ukipotoka kwa nyuzi zilezile katika vimo vyote, antena haikuelekezwa kaskazini. Tofauti ikiwa kubwa pale tu upepo unapobadilika haraka kwa kimo, pengine mmechanganya kimo cha kutoka ardhini na cha kutoka baharini. Ikizidi usiku katika miezi fulani, rudini hatua ya 7. Kasi ikiwa pungufu kila mara kwenye matabaka ya chini pekee, ni mwangwi wa ardhini unaovuta majibu kuelekea sifuri. Modeli nayo hukosea, kwa hiyo puto la kile kituo cha pamoja litoe ushahidi kabla ya kumpigia fundi simu.

Baada ya hapo fungueni data matabaka kwa matabaka. Hakuna aibu kutumia kilomita 1 hadi 4 tu za kituo fulani.

Hatua ya 10: Tengeni fedha za matengenezo katika mkataba uleule

Rada za antena zenye moduli nyingi (vipande vidogo vya kurushia mawimbi) haziharibiki kwa kishindo. Moduli moja hufa, kisha nyingine, na kimo cha juu hushuka taratibu mpaka siku mtu aone kwamba kituo kilichokuwa kikifika kilomita 5 kinaishia 3. Wekeni mchoro wa kila mwezi wa kimo kinachofikiwa. Unaonyesha ugonjwa mapema. Nunueni vipuri pamoja na rada, fundisheni mafundi wawili kwa kila kituo ili mmoja akihama kazi isisimame, wekeni kinga ya radi ya maana, na mlipe mtu wa kukata nyasi na kukagua nyaya zilizotafunwa na panya.

Hatua ya 11: Panueni kwa ushahidi

Anzeni na vituo vichache. Baada ya mwaka mzima wa misimu, endesheni modeli mara mbili kwa kipindi kilekile, mara moja na data za rada na mara moja bila, kisha mlinganishe utabiri wa mvua na upepo wa saa 3 hadi 12. Rudieni kwa kuondoa kituo kimoja kimoja. Kituo ambacho kuondoka kwake kunaharibu utabiri kinawaonyesha upande wa kuongeza jirani zake. Ambacho kuondoka kwake hakubadilishi kitu, msikihukumu kabla ya kufungua kumbukumbu za modeli na kuhesabu ni vipimo vyake vingapi vilikubaliwa. Ikiwa karibu vyote vilikataliwa, jaribio halijapima kituo; rudini kwenye tofauti za hatua ya 9, rekebisheni, na mliendeshe upya.